Sherehe Iwe na Chumba cha Kupimia

(Hotuba ya mkunga mstaafu kwa viongozi wa vikundi vya wanawake, Ngamiani, Tanga, katika kikao cha kuandaa maadhimisho ya Siku ya Wanawake. Imeandikwa kama ilivyosemwa, ikapunguzwa kidogo.)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na mliobaki, hamjambo?

Itifaki imezingatiwa. Nimesema hivyo mara moja na inatosha, maana nikianza kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja, magharibi itatukuta tungali kwenye utangulizi, na humu ndani kuna watu wameacha maandazi kwenye karai wakamkabidhi mtoto mwiko.

Mmeniita nizungumzie afya ya mwanamke. Nitazungumza. Lakini katibu alinipa ratiba ya siku yenyewe niipitie, nami nimeipitia na kalamu mkononi. Saa mbili asubuhi, maandamano kuelekea viwanja vya Tangamano. Saa nne, mgeni rasmi anawasili. Kukagua mabanda, risala, hotuba, ngoma, zawadi, chakula. Halafu chini kabisa, baada ya burudani, kuna mstari mmoja mdogo: "Huduma za upimaji zitakuwepo." Mama zangu, mimi leo nimekuja kwa ajili ya mstari huo. Nataka upande juu, na mengine yote yajipange kuufuata.

Msinielewe vibaya. Sipingi sherehe. Mtu wa Tanga apinge ngoma, hapo ujue ana homa. Ninachosema ni kwamba sherehe ya afya ya mwanamke ina vitu viwili tu ambavyo haiwezi kuvikosa: mahali anapoweza kupimwa kwa heshima, na mahali anapoweza kusema kwa sauti yake mwenyewe. Hema, keki, puto, ving'ora vya msafara, hivyo vije kama kuna nafasi.

Tuanze na hiyo sauti.

Tarehe 8 Machi haikuzaliwa kwenye kitenge cha sare. Wazo la kuwa na siku ya wanawake kimataifa lilitolewa na Clara Zetkin, mwanamke wa Kijerumani, kwenye mkutano wa wanawake wafuasi wa ujamaa huko Copenhagen mwaka 1910. Mwaka uliofuata ikaadhimishwa katika nchi chache za Ulaya. Kisha mwaka 1917, katikati ya vita, wanawake wa viwanda vya nguo wa Petrograd, Urusi, walitoka barabarani kudai mkate, na siku waliyotoka, kwa kalenda tunayoitumia sisi, ilikuwa 8 Machi. Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha mwaka 1975. Wale wa Petrograd hawakuwa na mgeni rasmi. Walikuwa na njaa, na walikuwa na la kusema.

Na sisi huku pwani hatukungoja Ulaya itufundishe mwanamke kusimama mbele ya watu. Bibi zetu walikuwa na lelemama, ngoma ya wanawake. Vyama vya lelemama vilikuwa na viongozi wake, michango yake, mavazi yake na ushindani wake, na mwanamke aliyeonewa nyumbani aliweza kwenda kuyasema yake ngomani, kwa fumbo, mji mzima ukasikia na mhusika akajijua. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, chama cha kudai uhuru, kule Dar es Salaam, hakuanzia maofisini. Alikuwa mwimbaji wa ngoma mwenyewe, akaenda kwa viongozi wa ngoma wenzake. Kwa miezi michache wakaingia wanawake kwa maelfu. Ule mtandao ulikuwepo tayari, umejengwa na ngoma, ulikuwa unangoja kazi.

Mkitaka mfano unaogusa mwili wa mwanamke moja kwa moja, mchukueni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Huyu alikuwa Unguja, lakini aliyeandika wasifu wake ni mtoto wetu wa hapa, Shaaban Robert wa Machui, kwa hiyo tunaye kwa haki. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, wakati mwanamke wa Kiswahili kusikika kwenye santuri halikuwa jambo la kawaida. Na miongoni mwa aliyoyaimba ni kisa cha mwanamke mjamzito aliyebakwa na kuuawa. Aliyefanya hivyo akatorokea bara, na mahakamani mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliofika kutoa ushahidi. Siti aliimba hayo mbele ya watu waliokuja kustarehe. Hakusema "leo ni starehe, hayo tuyaache".

Kuna bi Shakila Saidi pia, binti wa Pangani, aliyekulia kisanii kwenye taarabu za hapa hapa mjini, Black Star na Lucky Star. Wengine wenu mnakumbuka redio ikifunguliwa sauti kwa ajili yake, kina mama wakiacha kukuna nazi wasikilize. Mji wenye historia hiyo, leo tukifanya Siku ya Wanawake, mwanamke anaketi kwenye kiti cha plastiki juani, kavaa sare aliyokatwa kwenye mchango wa kikundi, anampigia makofi mtu anayemweleza kwamba mwanamke ni jeshi kubwa. Hilo analijua. Ndilo lililompandisha daladala saa kumi na moja alfajiri.

Sasa haki nayo isemwe, nisije nikaipaka sukari mila. Jukwaa lile la bibi zetu lilisema mengi na likaficha mengi. Mimi ni mkunga, nimeyaona matunda ya yaliyofichwa. Binti alifundwa na kungwi wake kwamba ya chumbani hayatoki chumbani, na uchungu hauliliwi. Mengine katika mafunzo hayo ni hekima. Lakini nimepokea wanawake waliokaa na damu baada ya tendo la ndoa kwa muda mrefu wakiihesabu kuwa ni siri ya ndoa. Damu baada ya kukutana na mume, damu katikati ya mwezi bila siku zako, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu usiokwisha kwa dawa: hayo si mambo ya chumbani, ni mambo ya zahanati. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tukawa tunaisema methali hiyo kwa kikohozi na malaria tu.

Kwa hiyo nataka tuyaunganishe. Tuchukue ujasiri wa ngoma tuupeleke kwenye yale yaliyokuwa yakifichwa.

Nianze na saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 kwa mwaka Tanzania, na waliofariki zaidi ya 6,000. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshatambaa. Na hapo ndipo pa kuudhi, maana huu ni ugonjwa mpole wa mwendo. Unasababishwa na kirusi kinachoitwa HPV, kinachopatikana kwa kujamiiana. Wanawake wengi, na wanaume wengi, hukutana nacho, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe bila mwenye mwili kujua. Kwa wachache kinabaki, na kikibaki huchukua miaka kumi, hata ishirini, kugeuza chembe za mlango wa kizazi kuwa saratani. Miaka yote hiyo nafasi ya kuuzuia iko wazi. Na hapa niseme wazi kwa wale wenye ndimi: mwanamke kukutwa na mabadiliko hayo si ushahidi wa umalaya. Anaweza kuwa mke wa mume mmoja tangu siku ya ndoa.

Kupima kwenyewe ndiko kunakoogopwa, basi nitawaeleza kama ninavyowaeleza watu chumbani, na kina baba waliomo humu wavumilie, kama wanavyotuvumilisha sisi mpira wa miguu.

Unaingia. Kuna kitanda chenye mpira na shuka safi, ndoo ya maji yenye koki, taa, na muuguzi mwenye glavu. Anakuuliza umri wako, watoto wako, na lini uliona siku zako. Ukiwa kwenye siku zako anakupangia urudi. Unavua nguo ya ndani peke yake. Gauni unabaki nalo na kanga unajifunika. Unalala chali, magoti juu. Kifaa kina midomo miwili kama ya bata. Kinaingizwa kikiwa kimefungwa, kisha kinafunguliwa taratibu ili mlango wa kizazi uonekane. Utasikia ubaridi na kubanwa, hakuna kinachokatwa. Muuguzi anachovya pamba kwenye siki, siki hii hii, ila imepimwa iwe na ukali wa asilimia tatu hadi tano, anapaka, anangoja kama dakika moja. Palipo salama pana rangi yake ileile. Penye chembe zilizoanza kubadilika panageuka weupe. Kikatolewa kifaa, ukavaa, ukashuka. Muda wa kwenda na kurudi dukani kwa Mpemba.

Weupe ukionekana, hiyo bado si saratani. Ni onyo. Na mara nyingi linatibika siku ileile, kwa kugandisha sehemu ile kwa baridi kali au kuichoma kwa joto, bila kulazwa. Anayeonekana kuwa na zaidi ya hapo anapewa rufaa, na hapa kwetu njia ni hospitali ya Bombo, na ikibidi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Walengwa hasa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi na apimwe mara nyingi zaidi, kwa sababu hatari kwake ni kama mara sita ya mwingine.

Mnajua wanawake huwa wananiambia wanaogopa nini? Wa kwanza atasema "wanakata kizazi". Wa pili, "wanachukua mayai". Hayo tunayajibu na wanatuelewa. Lakini ukikaa naye kidogo, ukampa maji akanywa, anakwambia la kweli: "Yule nesi ni mtoto wa jirani yangu." Hofu hii haijibiwi kwa kipeperushi. Inajibiwa kwa mpangilio. Basi naomba siku hiyo wauguzi wa kata hii wakahudumie kata nyingine, na wa huko waje huku. Wa Makorora asikutane na wa Makorora. Hilo halina gharama, ni la kuongea na waganga wafawidhi mapema.

Na mahali. Niliwahi kuhudhuria maadhimisho, mji sitautaja, ambapo hema la kupimia liliwekwa nyuma ya spika. Nyuma ya spika, mama zangu! Mshehereshaji anapiga kelele, muziki unatikisa mpaka chuma cha kitanda, upepo unapeperusha pazia, na vijana wa kubeba viti wanapita. Wanawake walikuja, wakachungulia, wakarudi kwenye viti vyao. Jioni ripoti ikaandikwa kwamba mwamko wa wananchi ulikuwa mdogo. Mwamko! Heshima ndiyo iliyokuwa ndogo. Mimi napendekeza tusiweke hema kabisa. Tuombe madarasa ya shule ya jirani, yenye mlango unaofungwa na ufunguo.

Sasa nije kwenye tarehe, na hapa najua nitabishiwa.

Mwaka 2025 tarehe 8 Machi iliangukia ndani ya Ramadhani. Mwaka 2026 vilevile. Huku kwetu, mwanamke aliyefunga hatapanda kile kitanda mchana. Msimwambie ana imani potofu, na wala msianze kumtolea fatwa, hiyo si kazi ya muuguzi wala ya afisa maendeleo ya jamii. Yeye anahofia swaumu yake, basi. Mnachoweza kufanya ni kimoja kati ya viwili: mpime usiku baada ya tarawehe, kuwe na taa na ulinzi na usafiri wa kurudi, au muwe na mazungumzo na mashairi tarehe 8 na upimaji uje baada ya Idi. Mimi naona la pili ni jepesi. Tarehe 8 tuseme, baada ya Idi tupime, na orodha ya kujiandikisha ifunguliwe siku ya kusema.

Halafu kuna wenzetu wa mwani. Kuanzia huku pwani ya kaskazini kuelekea Mkinga kuna wanawake wanaolima mwani, na mwani haujui kalenda ya halmashauri. Unashughulikiwa wakati wa bamvu, maji yanapotoka mbali, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo ukiwaalika hawaji, na wakija wamepoteza. Nimeshuhudia waandaaji wakipeleka gari kuwachukua siku ya bamvu, gari likarudi na viti vyake. Ukitaka kuwapata, nenda maji mafu, siku ambazo maji hayatoki mbali, tena nenda wewe kwao. Hili mwenyekiti wa mtaa anaweza asilijue, lakini mvuvi yeyote pale Deep Sea atakupigia hesabu kwa vidole akiwa ameshika sigara.

Na saa pia. Saa mbili asubuhi ni saa ya sokoni. Mama ntilie yuko motoni, muuza samaki yuko ufukweni, mwenye kibarua yuko kazini. Kwa wanawake wa mji huu saa nzuri ni baada ya alasiri. Mkifanya saa hiyo mtapata faida nyingine: badala ya maandamano ya miguu, fanyeni msafara wa baiskeli. Tanga ndio mji ambao mwanamke mwenye baibui anapanda baiskeli, mtoto mbele, kapu nyuma, na hakuna anayegeuka kumtazama. Tuutumie urithi huo. Wapite Ngamiani, wateremke Chumbageni, wapande Mabawa, kipaza sauti kwenye baiskeli ya mbele kikitangaza madarasa gani yana upimaji na saa ngapi. Hiyo ndiyo tangazo, na ndiyo burudani yenyewe.

Nirudi kwenye kusema. Nani aseme siku hiyo?

Nataka aliyepimwa aseme. Daktari akieleza siki nusu saa, atasikilizwa kwa adabu. Mama wa Mwanzange anayejulikana kwa vitumbua vyake akisimama akasema "nilipanda, nikashuka, nikaenda kuuza vitumbua vyangu", hapo ndipo foleni inapoanza. Nataka pia makungwi. Msiwaache nyumbani mkidhani ni wazee wa mila. Kungwi akimwambia mwari wake kwamba katika mambo ya kujitunza limo na hili la kupima, mwari ataliweka pamoja na mengine aliyofundwa, na halitoki. Na nataka washairi. Tuwe na mashindano ya mashairi na nyimbo kwa vikundi, kama zamani vyama vilivyoshindana, mada iwe ni afya zetu, na majaji wawe wanawake. Kikundi kikitupia kijembe kwa wanaume wanaokataza wake zao kwenda kliniki, majaji wakipe alama.

Lakini, na hapa naomba mnisikilize vizuri, ushuhuda si maonyesho. Mwanamke mwenye fistula, anayevuja mkojo kwa sababu alikaa na uchungu wa kuzaa muda mrefu bila msaada, au aliyepona hiyo fistula, au anayeishi na virusi, haletwi jukwaani ili mgeni rasmi apate machozi. Akitaka mwenyewe, karibu. Akitaka kusema nyuma ya pazia, pazia liwepo. Akitaka kukaa kimya, akae, apate soda yake kama wengine. Anayemjua mwenye fistula afanye jambo la maana zaidi ya kumshangaa: amfikishe kwenye huduma. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam wanatibu fistula bila malipo, na tangu mwaka 2009 wamekuwa wakituma nauli kwa simu ili mgonjwa asikwame kijijini. Siku ya dunia ya kutokomeza fistula ni 23 Mei. Muda wa kuwatafuta tunao.

Na simu za picha. Kwenye eneo la madarasa, hakuna picha. Hakuna. Hata ya "kwa ajili ya ripoti tu". Nimeona mtu akimpiga picha mwenzake kwenye foleni, kabla hajafika kitandani yuko tayari kwenye status ya watu.

Kuna jambo la kupigia vigelegele, na ningependa lipigiwe hasa, siyo vile vya kubembelezwa na mshehereshaji. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Mimi nilizalisha wakati ule. Najua kazi ya usiku ilivyokuwa, unaita gari la wagonjwa na gari liko kwenye safari nyingine. Kilichobadilika si muujiza. Vituo vya afya vingi vimepewa uwezo wa kufanya upasuaji wa dharura, na wanawake wanaojifungulia vituoni wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Sasa kuna na huu mpango wa m-mama, unapiga 115 bure, mjamzito au aliyejifungua au kichanga chenye dharura anatafutiwa usafiri, na kama gari la wagonjwa halipo karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa anapigiwa. Namba hiyo nataka iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila baiskeli ya msafara. Na vijana wa bodaboda waitwe siku hiyo waelezwe. Hao ndio wanaogongewa mlango usiku kabla ya mtu yeyote.

Lakini 104 si sifuri, na kila mmoja katika hao ana jina. Kama familia iko radhi, majina ya mama zetu waliofariki wakizaa mjini hapa yasomwe. Pasiwe na hotuba. Yasomwe tu, kisha dua na sala, kisha tuendelee.

Chanjo ya mabinti dhidi ya HPV nitaipitia haraka kwa sababu walimu wa shule wameshaanza kuifanya vizuri. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikapanuliwa, wasichana wa miaka 9 hadi 14, na sasa ni dozi moja tu. Haifungi kizazi. Inalinda mlango wa kizazi dhidi ya aina mbaya za kirusi kile, na inafaa itangulie kabla binti hajaanza mambo ya wakubwa, ndiyo maana umri ni mdogo. Mama aliyepima mwenyewe hana shida ya kukubali bintiye achanjwe. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kulieleza.

Na taulo za kike. Mnakumbuka bajeti ya 2018/19 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Mimi najiuliza, katika mwaka ule mmoja, ni kikundi gani cha wanawake kilikwenda dukani kila mwezi kikaandika bei, kikaenda nazo kwa mbunge? Waliosema ni wafanyabiashara na wizara. Sisi tulikuwa kwenye sherehe. Sauti ya mwanamke inahitaji na daftari. Kila kikundi kichague mtu mmoja aandike, kila mwezi: taulo bei gani, glavu zimekuwepo zahanati au mjamzito ameambiwa anunue, dawa ya uzazi wa mpango imekuwepo au imeisha. Siku ya maadhimisho risala isomwe kutoka kwenye daftari hilo. Risala ya namna hiyo mgeni rasmi hawezi kuijibu kwa kusema "nimeyapokea". Atalazimika kusema lini.

Nimalizie na fedha, maana mwenyekiti ananionyesha saa. Kwenye bajeti yenu nimeona fulana, kofia, kitenge cha sare, keki, na bahasha ya mshehereshaji. Kwenye upimaji nimeona: "vifaa, watakuja navyo". Nani? Wahudumu watakuja na wanachopewa, na kituo kina wagonjwa wake wa kesho yake. Futeni fulana. Anayetaka kuvaa sare atavaa kanga, kila mmoja anazo. Hela ya fulana inunue glavu, pamba, sabuni, betri za taa, ndoo, na nauli ya watakaopewa rufaa, maana mwanamke aliyeambiwa aende Bombo Jumatatu asiende kwa sababu ya nauli, huyo tumempima kwa kumtesa. Mweke na chumba cha watoto, na mabinti wawili watatu wa kuwaangalia, maana mama hapandi kitandani na mtoto mgongoni. Mshehereshaji awe mmoja wenu, bila bahasha, na hotuba ya mgeni rasmi iwe dakika kumi. Akizidisha, kikundi cha ngoma kipige.

Fomu ya zamu iko kwa katibu. Nahitaji wa mapokezi, wa foleni, wa watoto, wa chai, na wa kuwafuatilia wenye rufaa kwa wiki zitakazofuata. Hao wa mwisho wawe watu wasio na maneno. Mwalimu mkuu ametukubalia madarasa, ila madirisha yake ni mapana na hayana mapazia hata moja. Mafundi cherehani waliomo humu wanione kabla hawajatoka.